Kifungu cha 31 na Usingizi wa Baba

Sina ugomvi na vipaji vya watoto, na nalitamka hilo mapema asije mtu akaniita adui wa maendeleo. Ugomvi wangu ni na wataalamu wa malezi, wale wanaoandika, kwa utulivu wa mtu aliyejifungia chumbani peke yake, kwamba mzazi bora ni yule anayekigundua kipaji cha mwanawe mapema, akakipalilia na kukipa nafasi. Hakuna hata mmoja wao anayefafanua nafasi hiyo itatoka wapi katika nyumba ambayo sebule imekwisha kutwaliwa na mchoraji, korido imetwaliwa na mpiga filimbi, na kila kilichobaki kimo mikononi mwa kitinda mimba, ambaye kipaji chake bado hakijajulikana lakini madhara yake yanajulikana vizuri.

Nianze na filimbi, kwa kuwa ndiyo inayoniamsha. Kifungua mimba wetu, binti wa miaka minane, alirudi nayo kutoka shuleni: filimbi ya plastiki yenye matundu manane, saba mbele na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba, ikiwa imeambatana na barua ya mwalimu inayotuomba wazazi tumtie moyo. Chombo hiki huchaguliwa kwa ajili ya watoto kwa sababu hakimsumbui anayeanza; hakuna kubana midomo wala kutafuta pa kupulizia, ukipuliza tu kimeitika. Hiyo ndiyo sifa yake, na kwa sisi tunaolala upande wa pili wa mlango, hiyo ndiyo kasoro yake. Kinachohitaji ustadi ni kupuliza polepole, kwani pumzi ikizidi sauti huruka juu ikawa kilio, na binti yangu hana pumzi ya polepole. Alfajiri, kabla hata ndege hawajaamua kama siku hiyo inafaa kuimbiwa, yeye husimama koridoni, mahali alipopachagua mwenyewe kwa sababu pana mwangwi mzuri, yaani mbele ya chumba chetu, akapiga noti tatu za mwanzo za wimbo uleule. Noti ya nne inataka vidole vyote vikae sawasawa juu ya matundu, na kidole chake cha mwisho ni kifupi. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu anaweza kuzichukia noti tatu na papo hapo akakosa usingizi kwa kuingoja ya nne.

“Baba, tumtie moyo,” husema mama watoto, huku mto ukiwa juu ya kichwa chake na si chini.

Waliosema mtoto akililia wembe mpe, nina hakika hawakuwahi kuwa na mtoto aliyelilia filimbi. Wembe una mwisho wake.

Nikilalamika, jamaa hunijibu kwa Mozart. Sijui kwa nini Mozart ndiye anayetumwa siku zote kuja kuninyamazisha. Ninaambiwa kwamba alizaliwa Salzburg mwaka 1756 na kwamba alipofika umri wa miaka mitano alikuwa ameanza kutunga muziki, kisha msemaji hunitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeizuia historia isijirudie. Wanachosahau kunieleza ni habari za baba yake. Leopold Mozart alikuwa mwanamuziki wa kazi, na mwaka uleule aliozaliwa mwanawe alichapisha kitabu cha kufundishia violin, kwa hiyo mtoto alifika duniani akamkuta mwalimu nyumbani, kitabu kikiwa tayari kimechapwa. Mwaka 1763 akawapakia watoto wake wawili katika gari la farasi, wakaizunguka Ulaya kwa zaidi ya miaka mitatu wakipiga muziki mbele ya wafalme. Wangu walipofika duniani walimkuta baba ambaye chombo pekee cha sauti anachokimudu ni kengele ya mlango, na ambaye safari ya kwenda kwa bibi yao peke yake humwacha ameshika kichwa kwa maswali ya “tumefika?”

Binti yangu alinisikiliza nikiyasema hayo, akauliza yule mtoto wa pili alikuwa nani. Nikamweleza kwamba alikuwa dada mkubwa, Maria Anna, mpiga kinanda hodari aliyesifiwa katika ziara hizo, lakini alipokua aliachwa nyumbani huku baba na kaka wakienda Italia. Hakusema kitu. Alikwenda koridoni, na jioni hiyo filimbi ilipigwa kwa hasira ambayo sijaisikia kabla wala baadaye, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusema, kwa sababu hasira yenyewe ilikuwa ya haki.

Sasa tumkute mchoraji. Huyu ni wa kati, ana miaka minne, na amenichora ukutani. Mimi ni duara kubwa lenye miguu miwili inayotoka moja kwa moja kidevuni, mikono inayoota mahali pa masikio, na nywele tatu, ambazo nadhani moja ameiongeza kwa kunihurumia. Wajuzi wa makuzi ya watoto wanasema kwamba watoto wengi wa umri wa miaka mitatu na minne huwachora watu hivyo, kichwa na miguu bila kiwiliwili, na kwamba ni hatua ya kawaida kabisa. Naikubali hatua hiyo. Nisichokikubali ni kwamba mama yake, aliyechorwa pembeni yangu kwa hatua hiyohiyo ya makuzi, ana kope ndefu, hereni na taji.

Yeyote anayefikiri kwamba mchoro wa ukutani ni jambo la kufuta kwa kitambaa na maji hajakutana na kalamu za rangi za nta. Nta haielewani na maji hata kidogo. Unamwaga maji, yanateleza juu yake, unasugua, rangi inasambaa, na baada ya jitihada nyingi duara lililokuwa kichwa chako linakuwa kichwa chako kikiwa kwenye ukungu. Nilikuwa nimefika hapo mama watoto alipotokea na kunikataza nisiendelee, kwa hoja kwamba hii ndiyo kazi ya kwanza ya mtoto na siku moja tutaililia. Basi kazi imebaki. Ipo usawa wa magoti, kwa hiyo wageni huinama kuitazama, kisha huinuka polepole wakanitazama mimi, na sijapata kumwona hata mmoja akionyesha mshangao wa mtu ambaye hakuona kufanana.

Nilipofika hapo nikaamua kutafuta msaada wa sayansi. Nikasoma kwamba mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Lepper, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda sana kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora, wakachora, wakapewa. Lakini juma moja au mawili baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, hao walioahidiwa zawadi walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora. Watafiti waliyaeleza matokeo hayo kwa masikitiko, wakiwaonya walimu. Mimi niliyasoma kwa furaha ya mgonjwa aliyeandikiwa dawa. Usiku huohuo nikakaa mezani nikatengeneza cheti, nikakitia nyota, nikakitia utepe uliotoka kwenye zawadi ya zamani, na kesho yake nikamwahidi mchoraji kwamba atakipata akichora. Akachora, nikamkabidhi kwa kumpa mkono kama ilivyo desturi ya mahafali. Alikitazama cheti, akakigeuza, akaona upande wa pili ni mweupe, akanichora mle. Dada yake naye akadai chake cha filimbi, kwa kuwa katika nyumba hii haki ya mmoja ni deni kwa wote, na mama watoto akanieleza kwa sauti ya chini kwamba si uungwana baba kutumia sayansi dhidi ya wanawe.

Sayansi yenyewe haina huruma na upande wangu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto wanaosifiwa kwa akili zao hukwepa kazi ngumu, ilhali wanaosifiwa kwa juhudi huzikimbilia, na tangu habari hizo ziingie nyumbani kwetu ni marufuku kusema “una akili sana”, inatakiwa kusema “umejitahidi sana.” Wazo ni zuri. Lakini hebu fikiria umesimama koridoni alfajiri, macho hayajafunguka sawasawa, filimbi imetoka kulia noti ya nne isiyofika, nawe kwa kanuni za kisasa unalazimika kumwambia mhusika kwamba umeziona juhudi zake. Mtoto wa kike aliyesifiwa juhudi hufanya nini? Huongeza juhudi.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu kabati lenyewe linasema. Kipaji hukaa kwa mtoto hadi kifaa chake kinaponunuliwa, kisha huhama. Humo mna viatu vya mpira vilivyombana mwenyewe kabla havijachakaa, kuna mavazi ya karate yaliyovaliwa na kupigwa picha, na kuna sataranji, ambayo niliinunua nilipopata habari za László Polgár wa Hungaria, aliyewafundisha binti zake watatu mchezo huo tangu wakiwa wadogo, hata mdogo wao, Judit, akafikia daraja la juu kabisa, la ubingwa mkuu, mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Kitinda mimba wa Polgár aliwabana wafalme wa watu mpaka wakasalimu amri. Kitinda mimba wangu anammumunya mfalme wetu. Sasa tunachezea kifuniko cha chupa mahali pa mfalme mweupe, na ningependa sana kumwuliza mzee Polgár swali moja tu ambalo sijaona likijibiwa popote: vipande alikuwa akivificha wapi?

Huyu mdogo ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, maana hajatimiza miaka miwili na tayari jamaa wamemgawana. Alirusha kijiko kikapita dirishani, mjomba wake akasema huyu ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Alipiga yowe akiogeshwa, bibi yake akasema hiyo ni sauti ya mhubiri. Hucheza kwa kukunja magoti kila asikiapo mlio wowote, ukiwemo wa simu yangu, na hapo shangazi yake, dada yangu wa tumbo moja, akaona mpiga ngoma, akamletea ngoma. Dada huyo anaishi mbali. Watu wote wanaowapa watoto ngoma huishi mbali.

Vipaji hivi vyote hukutana mwisho wa juma katika onyesho la nyumbani, ambalo mahudhurio yake si ya hiari. Mchoraji hutengeneza tiketi, na kila tiketi ina kichwa changu chenye miguu. Hukabidhiwa tiketi hiyo mkononi, nikaelekezwa niende nje ya sebule, nikagonga, nikaingia, nikaidai nafasi yangu, na mtoto yuleyule aliyenipa tiketi huikagua kwa makini kana kwamba anashuku ni ya kughushi. Onyesho huchelewa kwa sababu wasanii hugombania nani atakuwa mtangazaji. Ugomvi ukiisha, mmoja hukumbuka kwamba anataka kwenda msalani. Akirudi, mwingine naye hukumbuka. Hatimaye filimbi hulia, ngoma huifuata bila kuijali, na mchoraji, ambaye hana sehemu yake, hutangaza kila baada ya muda mfupi kwamba onyesho bado linaendelea. Juzi nilikohoa.

“Baba,” akasema binti yangu akiishusha filimbi, “watazamaji hawafanyi kelele.”

Nilipojaribu kujitetea kwamba nimechoka na ningeomba mapumziko, nilisomewa sheria. Shuleni wamefundishwa Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, na binti yangu anakijua Kifungu cha 31 kuliko anavyoijua noti ya nne: mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza, na kushiriki kwa uhuru katika maisha ya utamaduni na sanaa. Alilikazia sana neno uhuru. Usiku, watoto walipolala, niliuchukua mkataba nikausoma wote, vifungu 54, nikitafuta walau aya moja inayotaja usingizi wa baba. Haipo. Kifungu kinachonihusu ni cha 18, kinachosema kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto, na mama watoto aliponikuta nakisoma aliomba nikirudie hiyo sehemu ya “wote wawili” kwa sauti.

Jana mwalimu ametuma barua nyingine. Anasema binti ameonyesha juhudi, neno lilelile, na kwamba mapafu yake yanaweza kuhimili chombo kikubwa zaidi. Sikuwa nimemaliza kuikunja barua hiyo shangazi wao akapiga simu, kwa sababu habari za namna hii humfikia kabla hazijanifikia mimi, akauliza kwa upole anachokipenda binti yetu siku hizi. Nikamwambia anapenda kusoma vitabu, tena kimyakimya.

“Kaka,” akasema, na nikasikia kwamba anacheka, “hebu nipimie upana wa mlango wenu.”