Loji nne za skauti Chicago kuwa moja, nani kapata nani kapoteza

Kwa wasiojua, Order of the Arrow ni chama cha heshima ndani ya skauti wa Marekani, kilianza 1915 kwenye kambi ya kisiwani mto Delaware karibu na Philadelphia. Huombi kuingia, skauti wenzako ndo wanakupigia kura, halafu unalala usiku peke yako porini na kesho yake unapiga kazi za kambi kutwa nzima bila kuongea na chakula ni kidogo tu. Kikundi chao cha eneo kinaitwa loji, na utaratibu ni kwamba baraza moja la skauti (uongozi wa skauti wa eneo) lina loji moja, kwa hiyo mabaraza yakiungana loji nazo lazima ziungane.

Ndo yaliyotokea Chicago 2015, mabaraza manne yakawa moja, Pathway to Adventure, na loji za Owasippe, Lakota, Pachsegink na Michigamea ya kule Indiana zikawa Takhone.

Sababu zinaeleweka jamani. Skauti wakipungua, vijana wale wale watatu wanne ndo wanaendesha sherehe, wanapika, wanakata miti kambini, mpaka wanachoka wanaacha. Mkiungana angalau watu wa kupokezana mnapata.

Lakini angalia shati. Juu ya mfuko wa kulia kuna beji yenye umbo la mfuniko wa mfuko, imedariziwa jina la loji, hiyo ndo inasema wewe ni wa wapi. Mtu kaivaa, na baba yake kaivaa, leo unamwambia abandue ashone nyingine, inauma. Philadelphia 1996 Unami na Delmont ziliungana jina likabaki Unami, ndo loji ya kwanza kabisa kwa hiyo unaelewa, ila wa Delmont ni kama kahamia nyumba ya mtu. Chicago walichukua jina jipya na mi naona ni afadhali, wote wameanza sawa.

Kinachonisumbua zaidi ni vyeo. Loji inaongozwa na kijana anayeitwa chifu, kura ni za walio chini ya miaka 21 tu, watu wazima kazi yao kushauri. Machifu wanne sasa ni mmoja, yaani vijana watatu kila uchaguzi wanakosa nafasi ya kusimama mbele ya watu na kujifunza kuongoza, wakati kukuza viongozi ni moja ya malengo ya chama.

Mi nakubali waungane, ila chifu wa tawi, yaani kikundi kidogo ndani ya loji, apewe madaraka ya kweli, awe na bajeti na vikao vyake, sio kusubiri meseji kutoka juu. Na siku za kazi za kambini zizungushwe sehemu tofauti, maana kambi ya Owasippe iko Michigan, kutoka Chicago ni kama masaa matatu kwa gari, na kijana wa miaka 14 hana leseni anamtegemea mzazi, isiwe kila mara yule yule wa mbali ndo anaamka saa kumi alfajiri.