Henry Parkes, Clarinda na barua ambazo sisi wa ughaibuni hatuziandiki

Ndugu zangu wa Tanga wanaponiuliza maisha ya Australia yakoje, huwa wamekwisha kuamua kwamba ama nitasema huku ni peponi, ama mimi ni mchoyo ninayeficha njia. Swali lao nataka kulijibu kwa kupitia maisha ya mtu aliyeingia Sydney mwaka 1839 akiwa na shilingi chache mfukoni, akawa waziri mkuu wa koloni la New South Wales mara tano, na akafa mwaka 1896 akiwa fukara. Jina lake ni Henry Parkes. Waaustralia humwita baba wa shirikisho lao, kwa sababu ya hotuba aliyoitoa katika mji wa Tenterfield tarehe 24 Oktoba 1889 akitaka makoloni yaungane chini ya bunge moja. Mimi ananivutia zaidi kama mhamiaji mwenzangu, na mkewe Clarinda ananivutia kuliko yeye.

Parkes alizaliwa mwaka 1815 huko Stoneleigh, Warwickshire, kwa baba aliyelima shamba la kupanga hadi madeni yakamwondoa. Familia ilihamia mjini Birmingham, na kijana akajifunza kukereza mifupa na pembe za ndovu, bidhaa ambayo pwani yetu iliijua kwa uchungu wake. Alimwoa Clarinda Varney mwaka 1836. Watoto wao wawili wa kwanza walifariki wakiwa wachanga, kazi ya kukereza haikuwalipa, na hatimaye wakapanda meli iitwayo Strathfieldsaye kwa nauli iliyotolewa na koloni. Fedha za nauli hizo zilitokana na mauzo ya ardhi ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, ardhi iliyochukuliwa kwa watu wa asili bila mkataba wowote. Msomaji wa Kenya anayekumbuka sheria ya ardhi ya Taji ya mwaka 1902 hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Clarinda alijifungua binti ndani ya meli, siku chache tu kabla ya kutia nanga Sydney mwezi Julai. Kwetu pwani mzazi hakai peke yake: mama, shangazi na majirani humshika kwa siku arobaini, wakimkanda kwa maji ya moto, wakimpikia uji wa pilipili manga, wakimbeba mtoto ili apate usingizi. Clarinda aliteremka na kichanga katika mji ambao hakumjua hata mtu mmoja, na mumewe akazunguka kwa siku nyingi akitafuta kazi bila kuipata. Mke wangu naye alijifungulia huku. Hospitali ilikuwa safi kuliko yoyote niliyowahi kuiona na wakunga walikuwa na subira, lakini tuliporudi katika nyumba yetu ya ghorofani hakukuwa na mtu wa kutupokea, na ule uji niliupika mimi mwenyewe, mama mkwe akiniamuru kwa simu niongeze maji kabla haujashika chini. Nikipima maisha ya hapa na ya nyumbani, huwa naanzia hapo kabla ya kufika kwenye mshahara.

Kazi aliyoipata Parkes baadaye ilikuwa ya kibarua katika shamba la Regentville, karibu na Penrith, mali ya Sir John Jamison, kwa paundi 25 kwa mwaka pamoja na posho ya chakula. Tunajua jinsi ilivyokuwa kwa sababu aliiandika yote katika barua alizowapelekea jamaa zake wa Birmingham, barua ambazo binti yake alizichapisha baada ya kifo chake. Anaeleza kwamba kwa miezi minne ya mwanzo kitanda chao kilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya vipande vya mbao na kutandikwa gome la mti, na kwamba jua la mchana na mwanga wa mwezi viliingia kwa zamu katika nyufa za paa. Anaorodhesha posho: nyama ambayo mara nyingine haikulika, mchele wa hali ya chini kabisa, unga uliochanganywa na mchele uliosagwa, sukari kidogo, chai hafifu, sabuni isiyotosha kunawia mikono, na tumbaku ambayo haikuwa na faida kwake. Anasema pia kwamba Australia imemvunja matumaini yote aliyokuja nayo, isipokuwa kuhusu uovu wake, ambao ulizidi alivyotarajia.

Barua za namna hiyo sisi hatuziandiki. Tuna simu zinazopeleka picha Tanga, Mombasa au Bujumbura kwa nukta moja, na picha tunazopeleka ni za daraja la Sydney, gari jipya lenye mkopo ambao hauonekani, na mtoto aliyevaa sare ya shule. Sijapata kuona mtu akituma picha ya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, ambako wengi wetu tunafanya kazi ya kuwageuza na kuwaogesha wagonjwa hadi kiuno kinakataa, wala barua ya mwenye nyumba inayopandisha kodi. Nyumbani nao wana sehemu yao ya lawama, kwa kuwa anayesema ukweli huambiwa analia shida ili asitume pesa. Parkes hakuwa na mtu wa kumtumia pesa, na huenda ndiyo sababu kalamu yake ilikuwa huru.

Lakini uhuru huo haukudumu. Aliacha kibarua, akawa ofisa mdogo wa forodha bandarini, akafungua duka la kukereza pembe, akaanzisha gazeti la Empire mwaka 1850, akaingia bungeni mwaka 1854. Gazeti lilianguka mwaka 1858 likimwachia madeni makubwa. Ndipo mwaka 1861 serikali ya koloni ikamtuma Uingereza, kwa malipo, azunguke akiwashawishi Waingereza wahamie Australia. Mtu yuleyule aliyelala juu ya mlango sasa alisimama kwenye majukwaa ya mji wake wa zamani akieleza fursa. Na wakati akihutubia, akila chakula na watu mashuhuri, Clarinda alikuwa kwenye shamba la kupanga huko Werrington na watoto, kwa fedha zisizotosha. Parkes alirejea mwaka 1863. Hapa nasema bila kumung'unya: huyo Parkes wa mwaka 1861 ndiye anayefanana na sisi, na ndiye nisiyemwamini.

Sitaki nionekane namdharau. Sheria ya shule za umma ya mwaka 1866 ilikuwa kazi yake, na wauguzi waliofunzwa kwa mfumo wa muuguzi Mwingereza Florence Nightingale walifika Sydney mwaka 1868 kwa sababu yeye aliwaomba. Ufukara wake pia una jambo la kuwafikirisha watu wanaotoka kwetu, ambako mbunge wa muhula mmoja hujulikana kwa ukuta wa nyumba yake. Wabunge wa New South Wales hawakulipwa mshahara hadi mwaka 1889. Parkes, ambaye hakuwa na urithi, aliishi kwa mikopo na michango ya marafiki, na alifilisika zaidi ya mara moja, safari nyingine mwaka 1887 akiwa ndiye waziri mkuu. Kuna wanaoona hiyo ni dalili ya uadilifu. Mimi naona ni mtu asiyejua hesabu, na mkewe ndiye aliyeilipa. Clarinda alizaa watoto 12. Leo barabara kuu ya mji wa Parkes, uliopewa jina la mumewe, inaitwa Clarinda, na hiyo ndiyo karibu heshima yote aliyoipata hadharani.

Clarinda alifariki Februari 1888. Mwaka mmoja baadaye Parkes alimwoa Eleanor Dixon, ambaye alikuwa amekwisha kuzaa naye watoto watatu. Binti zake wakubwa walikasirika, na wakubwa wa Sydney wakakataa kumpokea Eleanor majumbani mwao. Nyumbani kwetu habari kama hiyo ingefika kwenye kikao cha wazee, kukawa na maneno makali, kisha mtu angepewa kazi ya kuwaita wale watoto na kuwatambulisha kwa ndugu zao. Sisemi kikao hicho huwa na haki kila mara. Wanawake wengi wametoka humo wakiwa wamenyamazishwa. Nasema tu kwamba kipo.

Jambo ninaloshindwa kumsamehe ni la mlangoni. Mtu huyu aliyeletwa kwa nauli ya umma ndiye aliyeongoza serikali iliyowatoza Wachina waliotaka kuingia paundi 10 kila mmoja kwa sheria ya mwaka 1881, na mwaka 1888, baada ya kuwazuia abiria Wachina wa meli iitwayo Afghan wasiteremke Sydney, akapandisha kodi hiyo hadi paundi 100, mara nne ya mshahara wake wa mwaka kule Regentville. Katika mikusanyiko yetu hapa Sydney magharibi nawasikia Waafrika wenye hati za ukaazi wakilalamika kwamba wanaokuja sasa ni wengi mno, na wanalisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa hapa.

Eleanor alifariki Julai 1895. Miezi mitatu baadaye Parkes, mwenye umri wa miaka 80, alimwoa Julia Lynch, msichana aliyekuwa akiitunza nyumba yao, na mwezi Aprili uliofuata akafa. Alizikwa Faulconbridge, kando ya Clarinda. Watoto wadogo wa Eleanor walibaki mikononi mwa Julia, ambaye hakuwa na undugu wa damu nao, na akawalea. Mdogo wao, Cobden, alipigana Gallipoli huko Uturuki katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa mkuu wa wasanifu majengo wa serikali ya New South Wales. Mpwa wangu ananiomba nimtafutie njia ya kuja huku na mkewe mjamzito. Nimemjibu kwa barua ndefu iliyoanza na kodi ya nyumba na zamu za usiku, na nimemuuliza kama wamekwisha kumpata Julia Lynch wao.