Pikapu ya Kazi, Viti vya Bwana Harusi

Mimi nilitaka gari la kuvuta tela. Basi. Injini ya dizeli, tairi, usukani, na pale nyuma pawe na chuma cha kufungia tela. Sikwenda pale kuulizwa kama makalio yangu yanapenda moto au baridi.

Ndicho nilichoulizwa leo asubuhi, mbele za watu, hapa Houston, mwezi wa saba. Kijana wa mauzo kanitazama kwa huruma: "Kiti kipashwe moto, kipozwe, au vyote viwili?" Mtu mzima mimi, nimeendesha Fuso kutoka Singida mpaka Dar nimekalia gunia la kukunja, springi ya kiti inanichoma tangu Manyoni, na sikumlalamikia mtu. Nikamwambia kiti kiwe kiti. Akaandika "vyote viwili."

Wenzangu wa barabarani mnanielewa. Madalali wa mizigo wanalipa kwa maili utadhani wanatoa sadaka, bima nisiitaje maana dawa ya presha nimeimeza sasa hivi, na maji ya urea, yale ya kusafisha moshi wa dizeli, yakikuishia njiani gari lenyewe linakupunguzia mwendo mpaka wa baiskeli anakupungia mkono. Hayo tumeyazoea. Lakini kununua gari jipya kwa hela yako mwenyewe (sawa, mkopo, lakini mkopo wangu mwenyewe) halafu ukalishwe chini ufanyishwe mtihani, hilo sijalizoea.

Kwetu unaingia, unasema "Hilux, dabo kebini, nyeupe," unatoka. Hapa Hilux mpya haijauzwa tangu 1995, na kampuni ikisema iilete kutoka nje inakutana na ushuru wa asilimia 25 uliowekwa kwa ajili ya kuku. Sitanii. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Ujerumani na Ufaransa ziliwapandishia ushuru kuku wa Marekani, Rais Johnson akalipiza kwa ushuru wa magari madogo ya mizigo, ukaanza kutozwa 1964. Kuku wenyewe waliliwa, waliowala wengine wamezikwa, ushuru uko hai mpaka leo.

Basi ukibaki na hizi kubwa za hapa, Ford, Chevrolet na Ram, chagua kabila lako. Sitasema nilikuwa duka la nani, sitaki kesi.

Kijana akafungua kishikwambi chake. Swali la kwanza, tairi za nyuma ziwe mbili au nne? Hapo nikapumua, hatimaye swali la kiume. Nikasema nne, nabeba magari ya watu mimi, sibebi mito. Akatabasamu. Nikatabasamu. Kisha nikampigia mwenzangu wa kazi, Mkongo wa Uvira anayepeleka magari Ohio, ili tu asikie mwenzake ninavyopanda cheo. Akanikatisha: "Mukubwa, usichukuwe hiyo! Iko na kilo mingi kwa makaratasi!"

Na kweli. Leseni yetu hii ya kawaida mwisho wake ni pauni 26,000, gari na tela kwa pamoja, tena unahesabiwa uzito ulioandikwa kiwandani hata kama mizani inasoma pungufu. Pikapu ya tairi sita huandikwa hadi pauni 14,000. Toa hizo, tela linabakiwa na 12,000. Pikapu ndogo yake iliyoandikwa 10,000 inakuachia tela la 16,000. Yaani ukinunua gari lenye nguvu zaidi, sheria inakuruhusu kuvuta tela jepesi zaidi, mpaka ukasomee leseni kubwa ukae darasani na watoto waliozaliwa wewe unasafirisha mahindi. Nikamwambia kijana tairi za nyuma ziwe mbili. Akasema "chaguo zuri," kama alivyosema kwa zile nne.

Tukatoka uani kuangalia ya tairi mbili. Nzuri! Nyeusi, inang'aa, mlango unafunguka ngazi inashuka yenyewe kumpokea mheshimiwa. Ndani ngozi, paa la kioo, redio ina skrini pana kuliko televisheni tuliyochangia mtaa mzima kuangalia Kombe la Dunia. Kijana anasema hii inavuta hadi pauni 20,000. Nikataka kulia kwa furaha. Lakini nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, macho yakaangukia ile karatasi ya njano kwenye nguzo ya mlango, ile inayosema uzito wa abiria na mizigo usizidi kiasi fulani kamwe. Nikavaa miwani. Kiasi fulani chenyewe hakifiki pauni 2,000.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Tela linalokaa juu ya bodi, siyo la kufungwa bampani, linaibebesha pikapu kama asilimia 20 ya uzito wake. Tela la 16,000 linaleta 3,200 mgongoni. Gari lina nafasi ya chini ya 2,000, na humo nimo mimi, yumo Mama Neema, limo boksi la soda na barafu, na shemeji yangu ambaye peke yake ni shehena. Linavuta 20,000, haya, litazivuta wapi? Kwenye tangazo!

Nikamwuliza kijana, uzito wote huu umeliwa na nani? Akasema gari limesheheni. Limesheheni nini na halijabeba kitu? Ndipo akanieleza taratibu kwamba kila kinachoongezwa kinatolewa kwenye mzigo. Injini ya dizeli peke yake unaiongezea kama dola 10,000 na inakuja na mamia ya pauni za uzito zaidi ya ile ya petroli. Ngazi ya umeme ina uzito. Paa la kioo lina uzito. Kiti chenye mota ya kunikanda mgongo kina uzito. Pembeni pale palikuwa na ndugu yake mnyonge, nyeupe, ya petroli, viti vya kitambaa, karatasi yake ya njano inasoma karibu mara mbili. Yaani nalipa maelfu ya dola ili gari langu la mizigo lisibebe mizigo.

Nikasema hapana, mimi na wewe tunaelewana, tupunguze. Anza kutoa. Toa paa la kioo.

"Paa halitoki peke yake, liko kwenye kifurushi."

Toa kifurushi.

"Ukitoa kifurushi unapoteza vioo vya tela." Vile vya pembeni vinavyorefuka ukaona mkia wa tela, ambavyo bila hivyo mtu huvuti, unaomba dua tu.

Rudisha vioo.

"Vioo vinarudi na viti vya ngozi."

Basi ngozi, lakini toa hiyo mota ya kukanda.

"Mota inakwenda na kifaa cha breki za tela."

Nikamtazama. Akanitazama. Wazee wenzangu mnaokumbuka maduka ya kaya, mlipokwenda kutafuta sukari mkaambiwa mchukue na nyembe, mnajua nilikokuwa. Breki za tela! Kitu kinachotenganisha mimi na mochwari, kimefungwa kwenye kifurushi kimoja na kukandwa mgongo!

Nikabadilisha mada ili nisije nikaitiwa mlinzi. Nikamwuliza difu. Nilisema kwa utulivu kabisa: ina difu gani, 3.73 au 4.10? Kwa sababu ya 4.10 propela inazunguka mara nne na ushee kwa tairi kuzunguka mara moja, inaondoka na mzigo bila kulia, ingawa safari nyeupe isiyo na mzigo inakunywa zaidi. Hiyo ndiyo roho ya gari la tela. Kijana akatazama kishikwambi, akakigeuza, akakigeuza tena. Akaniambia gari lina rangi saba za taa za ndani.

Breki ya egzosti, ile inayobana moshi ili injini yenyewe ipunguze mwendo? Akasema ipo. Angalau. Watu wa tambarare hawajui thamani yake, wao Texas ni meza tupu. Mimi nimeshuka mlima Kitonga nyuma ya lori linalotoa moshi kwenye breki, na mzigo wa Denver ukiupeleka mbele kidogo unapita handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, halafu mteremko. Pale mguu hauna kazi, injini ndiyo inakushika kiuno.

Basi nikawa nimeanza kutulia, ndipo akanionyesha kile kitufe.

Kiko karibu na usukani, cha kuzungusha. Unaporudisha tela nyuma unaachia usukani kabisa, unazungusha kitufe kuelekea unakotaka mkia wa tela uende, na gari linajikata lenyewe. Kijana anaeleza macho yanang'aa. "Huhitaji kujua kurudisha tela!"

Huhitaji kujua! Mimi! Niliyerudisha gari na tela lake Kariakoo, saa nne asubuhi, katikati ya mikokoteni, mama lishe, na mzee mmoja aliyekataa kuhamisha meza yake ya bahati nasibu! Na sikufanya peke yangu, nilikuwa na utingo. Utingo ni taasisi. Anapiga bodi kofi mbili, anapaza sauti: lete, lete, lete, kata kulia, kata yote, vunja, leteee, hapohapo! Na ukisikia kitu kimepasuka nyuma, unashuka, unafunga mlango polepole, unamwuliza utingo kwa ukali: "Ulikuwa unaangalia wapi?" Umati wote unamgeukia yeye. Heshima ya dereva iko palepale.

Sasa kitufe hiki, nikimwuliza alikuwa anaangalia wapi, atanijibu nini? Kijana akasema zipo kamera, mitazamo zaidi ya kumi, moja inaonyesha mpaka nyuma ya tela kana kwamba tela halipo. Halipo? Nimelikopea dola ngapi hilo tela, halafu nilipe tena ili lisionekane? Na kamera kumi zinanisaidia nini mahakamani? Zitashuhudia upande wao! Nikajikuta nimesimama, sauti imepanda, mama mmoja aliyekuja kununua gari la kupeleka watoto shule kamvuta mwanawe karibu. Nikakaa. Nikarekebisha kola. Nikamwambia kijana, kwa Kiingereza changu cha mikutano, kwamba suala la kitufe tutalijadili baadaye.

Akili yangu ikaniambia piga simu nyumbani. Simu ikawekwa kwenye spika, kosa la kijana hilo, siyo langu. "Baba Neema, umeulizia viti vya kupoza?" Hujambo hakuna. Kijana akamwambia vipo. "Na vya nyuma?" Vipo pia. "Muulize kama kuna rangi ya lulu." Rangi ya lulu unailipia. Nyeupe ya kawaida ni bure. Nikaeleza kuhusu karatasi ya njano, pauni, asilimia 20, nikaeleza vizuri sana hata mimi nikajipenda. Kimya. Kisha: "Kwa hiyo unataka mimi nipungue?" Jamani, nilikuwa nazungumzia difu.

Ofisi ya mkopo nitaipita haraka kwa afya yangu. Mle ndani kuna bwana mwingine, suti nzuri zaidi, pipi mezani, naye ana orodha yake: ada ya makaratasi, dawa ya kulinda rangi, dawa ya kulinda kitambaa (viti ni vya ngozi!), na naitrojeni ya tairi. Naitrojeni inalipiwa. Hewa hii tunayovuta wote bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni, nimeisoma kidato cha pili. Nikamwambia hizo asilimia 22 zilizobaki nitazivumilia. Hakucheka.

Sijasaini. Nimeondoka na makaratasi, na kijana anaita kila baada ya muda kunikumbusha kwamba ile nyeusi kuna mtu mwingine anaiulizia. Aichukue! Amkute shemeji mzito kama wangu!

Lakini mnajua kibaya ni nini? Habari imeshafika kundini. Sijui nani kasema, ila najua ni nani. Kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa, ukiumwa miezi mitatu hakuna anayeandika hata "pole," ila ukinusa pikapu tu, hongera zinamiminika na kila hongera ina mzigo nyuma yake. Kaka hongera, kuna friji. Baba Neema hongera sana, Mungu ni mwema, tuna jenereta ya harusi. Katibu kaandika rasmi, kwa herufi kubwa, kwamba umoja sasa una usafiri. Una usafiri! Hata difu haijachaguliwa! Mweka hazina anauliza kama inaweza kubeba mahema ya sherehe na viti mia mbili vya plastiki, na mafuta tutachangishana. Hayo mafuta ya kuchangishana nayajua. Nilikwishaambiwa hivyohivyo siku ya msiba wa Dallas, mchango uliopatikana ni chupa mbili za maji na "ubarikiwe."

Na Jumamosi, kabla sijajua nitakuwa na gari gani, nimepangiwa tayari kochi la kona la dada yake mweka hazina, lile la ngozi lenye vitanda viwili ndani. Yuko ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na anahamia ghorofa ya nne.