GB 20 unazoziacha tupu kwenye SSD hazijaenda bure

Kwenye kaunta moja ya mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nilisikiliza ubishi ambao nadhani kila fundi kompyuta wa Dar ameshaupitia. Mteja amefungiwa SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu) ya GB 240, anawasha mashine, Windows inamwonyesha 223. Bado anauliza zilizobaki ziko wapi, fundi anamshauri aache nyingine 20 bila kuzitengenezea patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa kuwekewa mafaili), zikae hivyohivyo. Mteja akaona anapigwa mara mbili. "Kaka, nimelipia 240. Nipange nyumba nzima, halafu chumba kimoja nisiingie?"

Zile 17 za kwanza hazina mjadala. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo diski ni ileile ila vipimo ni viwili. Ugomvi uko kwenye zile 20, na mfano wa chumba ndio unaowafunga mafundi midomo. Ni mfano mzuri, ila hauelezi kinachotokea ndani ya SSD.

Mimi ningempa mfano wa daladala. Chipu za SSD huandikwa ukurasa mmoja mmoja, yaani kipande kidogo cha data, lakini hazifutiki hivyo. Kinachofutwa ni bloku nzima yenye mamia ya kurasa, na ukurasa ulioandikwa hauandikiki tena mpaka bloku yake ifutwe. Sasa panda gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Abiria wa siti ya nyuma anashuka Mtoni kwa Aziz Ali. Ili apite, watu kumi waliobanana njiani na mlangoni washuke kwanza, kisha wapande tena. Ameshuka mmoja, ngazi imekanyagwa mara 21. Kontrola, chipu inayoiendesha SSD, hufanya kazi hiyohiyo diski ikijaa: inahamisha kurasa zenye data hai, yaani inayohitajika bado, kutoka bloku moja kwenda nyingine ili ipate kuifuta ile ya kwanza kwa sababu ya kurasa chache zilizokufa. Na ngazi ndiyo inayochakaa.

Hesabu yake ni fupi, na ndiyo inayonikosesha usingizi kila nikiona diski yenye mstari mwekundu, ule wa Windows wa kuonyesha kwamba inakaribia kujaa. Bloku inayosafishwa ikiwa na kurasa hai 50 katika kila 100, kila GB 1 unayoandika wewe inakuwa GB 2 zinazoandikwa kwenye chipu. Zikiwa hai 80, zinakuwa GB 5. Zikiwa hai 90, GB 10. Tazama namna inavyopanda: kutoka 50 hadi 80 umeongeza GB 3, lakini kutoka 80 hadi 90, kipande kifupi tu, umeongeza GB 5. Ukubwa wa ile gharama uko mwishoni, palepale ambapo mwenye diski anasema "bado zimebaki kidogo, acha nijaze".

Tuigeuze hesabu hiyo iwe miaka. Chukua SSD yenye chipu za GB 256, na tuseme kila bloku inavumilia kufutwa mara 1,000. Chipu zote kwa pamoja zinabeba TB 256 za kuandikwa (TB moja ni GB 1,000). Ukiandika GB 40 kwa siku, na kila GB inakuwa 2, una karibu miaka 9. Ikiwa kila GB inakuwa 5, imebaki mitatu na nusu. Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi ambayo kontrola ilipewa ya kugeukia.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Kwanza, akiba ipo tayari. Ndani ya SSD nyingi zinazouzwa kwa jina la GB 240 mna chipu zilezile za zile za 256, nazo chipu huhesabiwa kwa kipimo kikubwa, kile cha Windows. Kiwanda chenyewe kimeficha karibu asilimia 14 ya nafasi unayouziwa. Kwenye ile ya 256, kama asilimia 7. Pili, tangu Windows 7 ya mwaka 2009 kuna amri ya TRIM, inayoijulisha SSD kwamba faili hili limefutwa, kurasa zake usihangaike kuzihamisha. Kwa hiyo nafasi tupu ndani ya patisheni inamsaidia kontrola sawasawa na nafasi ambayo haikugawiwa kabisa. Tatu, watu wengi hawaandiki GB 40 kwa siku. Samsung 870 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikwa TB 150. Kwa GB 20 za kila siku hiyo ni miaka 20. Mpakato wenyewe utakuwa umeshakufa kioo, kibodi na bawaba.

Hiyo ya tatu naikubali bila kinyongo. Fundi anayemtisha karani kwamba asipokata nafasi SSD itaungua mwakani, anauza hofu. Kwa mtu wa barua pepe na Word, suala la umri halipo.

Ya pili ndiyo naona inakubaliwa haraka mno. Ni kweli kwamba kwa kontrola hakuna tofauti. Tofauti iko kwa mwenye diski. Pesa iliyo mfukoni na pesa iliyo ndani ya kibubu ni shilingi zilezile, lakini ya kibubu huigusi mpaka uamue kuvunja. Nafasi inayoonekana kwenye diski hujazwa. Sijaona mashine ya familia ambayo GB 30 za wazi zilifika Krismasi. Halafu TRIM yenyewe haifiki kila mahali. Mafremu mengi ya USB ya zamani, haya ya kugeuza SSD iwe ya nje, hayaipitishi. MacBook iliyotumika, ukiifungia SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) isiyo ya Apple, haiiwashi TRIM mpaka uiamuru mwenyewe kwa amri ya trimforce, iliyokuja mwaka 2015. Na humo ndimo wengi wetu tunamofanyia kazi: mashine za mtumba, SSD ya kufungiwa mtaani, fremu ya bei poa.

Hata hivyo, si kila kazi inafaidika sawa, na hapa mafundi wenzangu huchanganya mambo. Duka la dawa lenye kanzidata ya mauzo, inayoandika vipande vidogovidogo mchana kutwa, ndilo linaloichosha SSD. Kwake asilimia 10 ya kukata, kiasi ambacho hata programu ya Samsung Magician hupendekeza, ina faida halisi. Kijana wa studio anayehariri harusi na sendofu ana tatizo jingine. Video ni faili kubwa, huandikwa mfululizo na kufutwa zima, kwa hiyo mrundikano wa kurasa hai na mfu kwake ni mdogo. Kinachomuumiza ni kache, sehemu ya haraka inayopokea data kwanza. SSD za TLC huweka biti tatu kwenye kila seli, lakini ili ziwe na kasi hupokea kwanza data kwa biti moja tu kwa kila seli. Hata ikiweza kutumia nafasi yote tupu kwa kache, GB 90 zilizo wazi zinakupa kache isiyozidi 30. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inazaa GB 45 kwa saa. Kuimeza saa hiyo moja bila kupunguza mwendo kunataka GB 135 tupu. Zile 20 za fundi zitamsaidia kidogo sana. Anachohitaji ni kufanyia kazi diski iliyo nusu tupu na kuhamishia harusi za mwezi uliopita kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka (hard disk).

Anayekata akumbuke mpangilio. Kwa SSD mpya, tengeneza patisheni ndogo tangu mwanzo, basi. Iliyokwisha kutumika, futa visivyohitajika, iache Windows ipeleke TRIM kupitia zana yake ya kuboresha diski, ndipo upunguze patisheni. Ukikata kipande chenye data ya zamani ambayo SSD haijaambiwa kwamba imefutwa, kontrola itaendelea kuibeba kutoka bloku hadi bloku kana kwamba iko hai. Umekosa nafasi na hukupata chochote.

Yuko mmoja ambaye simwambii akate kitu: mwenye GB 120. Windows inamwonyesha 111, yenyewe na masasisho yake inakula sehemu kubwa, na kwa kilichobaki kuna picha za watoto na kazi za chuo. Huyo nikimkatia 12 atarudi baada ya wiki mbili kuniomba nizirudishe. Namwambia ahamishe picha, na siku akipata hela asichukue 120 nyingine.