Rohan Bopanna: kutoka nafasi ya 213 hadi ya kwanza

Rohan Bopanna wa India alistaafu tenisi Novemba 2025. Wapo wanaoona kwamba kushika kwake nafasi ya kwanza duniani hakuna uzito, kwa kuwa aliishika katika mchezo wa wawili wawili, kimbilio la walioshindwa kucheza mmoja mmoja.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Alipocheza peke yake, Bopanna hakuwahi kupanda juu ya nafasi ya 213, aliyoifikia 2007. Nyota wengi wa mmoja mmoja hawachezi wawili wawili mara kwa mara, hivyo ni haki kuuliza kama angefika kileleni wao wakiwepo.

Lakini hiyo 213 inapima nini hasa? Inapima uwezo wa mtu kulinda peke yake uwanja wenye upana wa mita 8.23, akikimbizwa huku na huko kwa saa kadhaa. Magoti ya Bopanna yalikwisha gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa kusuguana, akawa anayatunza kwa yoga. Katika wawili wawili uwanja unapanuka hadi mita 10.97, walinzi ni wawili, na pointi nyingi huisha kwa mipigo michache. Huko unahitaji sevu nzito, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, voli ya haraka, yaani kuupiga mpira kabla haujagusa chini, uwezo wa kurudisha mpira chini miguuni mwa aliyesimama wavuni, na kujua mwenzako atahamia wapi kabla hajahama. Katika hayo yote, ile 213 ilipima sevu yake na kidogo sana cha zaidi.

Tena kama lilikuwa kimbilio, mbona kufika kileleni kulimchukua muda mrefu hivyo? Alianza tenisi ya kulipwa 2003. Mwaka 2010 alifika fainali ya US Open na Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistan, wakafungwa na mapacha Bob na Mike Bryan wa Marekani. Akapanda hadi nafasi ya tatu 2013, akashuka. Taji lake la kwanza la Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, kwa wanaume wawili lilikuja Januari 2024 kwenye Australian Open mjini Melbourne, akiwa na miaka 43, yeye na Matthew Ebden wa Australia walipowafunga Waitaliano Simone Bolelli na Andrea Vavassori 7-6, 7-5. Siku chache baadaye akawa namba moja mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuishika nafasi hiyo.

Na nyota wakija? Agosti 2025 walikuja. US Open iliwaita kwenye wawili wawili mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, kwa seti fupi na dola milioni 1 kwa washindi. Carlos Alcaraz na Emma Raducanu walitoka mechi ya kwanza. Novak Djokovic na Olga Danilovic vilevile. Mabingwa walikuwa Sara Errani na Vavassori, yule yule aliyefungwa na Bopanna Melbourne. Siku mbili za seti fupi hazimalizi ubishi, na Errani mwenyewe aliwahi kufika fainali ya French Open ya mmoja mmoja, 2012. Hata hivyo, katika fainali waliwashinda Iga Swiatek na Casper Ruud, nyota wa mmoja mmoja.

Jambo moja siwezi kulibisha: watu waliojaza Arthur Ashe, uwanja mkuu wa US Open, walifuata majina ya Alcaraz na Djokovic. Hilo ni suala la tiketi na matangazo, na lina haki ya kuamua nani achezeshwe uwanja mkuu jioni. Ufundi wa Bopanna wavuni hauwezi kupimwa kwa idadi ya viti.