Fedha za Bengal katika Bunge la Uingereza

Mwaka 1770 Lord Chatham, yaani William Pitt, aliyewahi kuiongoza serikali ya Uingereza, alilalamika bungeni kwamba mali ya Asia imefurika nchini, na walioileta wanapenya bungeni kwa rushwa ambayo hakuna urithi wa ukoo unaofua dafu mbele yake. Hoja anayo. Robert Clive, mshindi wa vita vya Plassey vya 1757 vilivyowafungulia Waingereza Bengal, eneo tajiri la India, alirudi kutoka India mwaka 1760 akiwa tajiri wa kutisha. Mwaka uliofuata akawa mbunge wa Shrewsbury, kisha akawapachika jamaa na marafiki kwenye viti vingine.

Ila Chatham mwenyewe aliingia bungeni mwaka 1735 kwa kiti cha Old Sarum, kilima kilichohamwa zamani, ambako mwenye ardhi ndiye aliyeamua nani achaguliwe. Ardhi ilikuwa ya ukoo wake tangu enzi za babu yake, Thomas Pitt, mfanyabiashara wa India aliyekuja kuwa gavana wa Madras, na ambaye almasi yake moja iliuzwa pauni 135,000. Nyani haoni kundule.

Ndiyo maana watetezi wa matajiri wale wanasema soko la viti walilikuta. Ni kweli: wakabaila walikuwa wakirithishana majimbo kama mashamba. Tena hao waliotajirika India hawakufikia hata moja ya kumi ya wabunge, wala hawakuwa kitu kimoja. Clive na Laurence Sulivan walikabana koo kwa miaka wakigombea usukani wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuja kuitawala Bengal.

Hayo nayakubali, na bado utetezi huo haunitoshi, kwa sababu unanyamazia fedha zilikotoka. Mei 1773 bunge lilithibitisha kwamba Clive alijipatia pauni 234,000 huko Bengal, kisha likaazimia kuwa aliitumikia nchi kwa huduma kubwa. Miaka mitatu tu kabla ya hapo Bengal iliteketea kwa njaa, na Kampuni haikuacha kukusanya kodi. Waliokamuliwa hawakuwa na mbunge hata mmoja wa kuwasemea.

Kiti cha Old Sarum kilifutwa na mageuzi ya uchaguzi ya 1832. Mwaka uliofuata, bunge hilo lililosafishwa lilipofuta utumwa katika makoloni, liliidhinisha pauni milioni 20 za kuwafidia wenye watumwa, baadhi yao wakiwa wabunge humo humo. Watumwa wenyewe hawakupewa hata peni moja, na wengi wao wakalazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale kwa miaka kadhaa bila ujira.