Usugu wa Mbu: Nafthili Asetati Isitupwe Bado

Kila inapojadiliwa bajeti ya kuchunguza usugu wa mbu dhidi ya dawa, husikika hoja kwamba kipimo cha rangi cha esterasi, vimeng'enya vinavyoweza kumkinga mbu na dawa, kimepitwa na wakati na fedha ziende zote kwenye vipimo vya jeni. Hoja hiyo ina uzito. Alfa-nafthili asetati, kemikali inayotumika kwenye kipimo hicho, si dawa ya mbu. Kimeng'enya kinaweza kuivunja upesi na kisiiguse permethrini, ambayo ni dawa yenyewe. Katika baadhi ya Anopheles, mbu wanaoeneza malaria, esterasi inayoleta usugu dhidi ya dawa ya malathioni haionekani kabisa kwenye kipimo hiki. Tena mbu wawe wabichi au wamegandishwa vizuri, la sivyo kimeng'enya huharibika. DNA haina deko hilo.

Lakini kipimo cha jeni hujibu swali ulilouliza, basi. Ukitafuta badiliko la jeni liitwalo kdr, utaambiwa kama neva ya mbu imebadilika pale pairethroidi, yaani permethrini na jamii yake, zinapoishambulia. Hutaambiwa kama mwili wake umejaa vimeng'enya vya kuikabili dawa kabla haijafika kwenye neva.

Hapo ndipo nafthili asetati inapofaa. Mbu mmoja husagwa, matone yake yakatiwa kwenye kishimo kimojawapo kati ya 96 vya sahani. Esterasi huivunja nafthili asetati ikabaki naftholi, na rangi ya Fast Blue B ikishikana nayo hutoa zambarau. Esterasi zikizidi, rangi hukoza. Mbu huyohuyo hutosha kupimwa oksidesi na vimeng'enya vingine.

Fikiria mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, Tanzania, ambako Anopheles arabiensis huzaliana kwenye majaruba. Pairethroidi zikishindwa, pirimifosi-methili ya kupuliza ukutani ni mojawapo ya dawa za kukimbilia. Hiyo ni oganofosfati, kundi la dawa lenye malathioni pia, na kdr haisemi lolote kuihusu. Esterasi, kinyume chake, zinaweza kuzishika oganofosfati na kuzifungia mwilini zisifanye kazi. Kwa mbu wa Culex hilo linajulikana vizuri. Kubadilisha dawa bila kuzitazama esterasi ni kupuliza nyumba za watu kwa kubahatisha, na gharama yake ni malaria.

Zambarau peke yake haithibitishi usugu. Mbu wapimwe pia kwa dawa yenyewe, kisha kwa dawa pamoja na kizuizi cha esterasi kama trifenili fosfati: wakianza kufa tena, mhusika amepatikana. Na kabla ya kusaga, mguu mmoja wa kila mbu uwekwe kando kwa ajili ya DNA, ili fedha za jeni zitumike kwa wale ambao rangi yao imekoza.